Kata kwa mofimu, tamka kwa silabi

Asidi hiyo niliikuta mara 11 katika sura moja, na mara zote 11 niliitamka vibaya, tena kwa kujiamini.

Kazi yangu ni kusomea watu. Wasikilizaji wangu hawaoni, au wanaona kwa shida, na vitabu vyao hupita kwenye koo langu kabla ya kuwafikia. Kwa kuwa zamani nilikuwa maabara, vitabu vya sayansi hunijia mimi. Wenzangu hupewa riwaya na wasifu wa watu mashuhuri, wakatoka chumba cha kurekodia wakifuta machozi. Mimi hutoka nikiwa na ulimi uliochoka kama miguu ya mtu aliyeshinda akipanda ngazi.

Kitabu cha safari hiyo kilikuwa cha Kiingereza, kinaeleza namna ya kutia rangi vipande vya tishu kabla ya kuvitazama kwa hadubini. Ndani yake mna asidi ambayo jina lake huandikwa p-e-r-i-o-d-i-c, herufi kwa herufi sawa na neno la lile jedwali la elementi linalobandikwa kwenye kuta za madarasa ya kemia. Nami nikalisoma kama la jedwali: "piriodiki". Fundi mitambo aliyekuwa upande wa pili wa kioo hakuinua hata kichwa. Sura ikapita, kitabu kikatoka.

Baada ya wiki tatu nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa dada mmoja anayesomea mambo hayo. Alianza kwa adabu zote, akanishukuru kwa kazi, akaniuliza hali ya koo langu. Kisha akasema, "Samahani kaka, hiyo asidi yako huwa inakuja kwa vipindi, kama mvua?"

Niliusikiliza ujumbe mara mbili ndipo nikaelewa. Neno la jedwali limetokana na kipindi, yaani jambo linalojirudia. Jina la asidi halina kipindi chochote ndani yake. Lina "per", halafu lina iodini. Asidi ya iodiki ni HIO3; ikiongezwa oksijeni ikawa HIO4, hutanguliziwa "per", ileile ya permanganeti na perkloreti. Kwa Kiingereza hutamkwa "per-ai-o-dik", mkazo ukikaa kwenye "o". Herufi nane zilezile, mshono umehama, na neno limekuwa jingine.

(Kwa Kiswahili sijui niseme tungeponea au tungepotea zaidi. Iodini kwetu ni i-o-di-ni, kwa hiyo maneno yote mawili yangetua kwenye pe-ri-o-di-ki. Siku hizi nikiandika naweka kistari, per-iodiki, na lile jedwali naliacha liendelee kuitwa jedwali la elementi.)

Kilichoniuma zaidi ni kwamba asidi hii niliwahi kuishika kwa mikono yangu. Maabara tuliitumia pamoja na kitendanishi cha Schiff: asidi inazikata sukari zilizomo kwenye tishu na kuacha aldehaidi, kisha Schiff anakuja kuzitia rangi ya zambarau iliyokolea wekundu. Lakini nani alikuwa akilitaja jina zima? Tulisema "pi-e-esi", yaani PAS, kifupi cha Kiingereza cha asidi hiyo na Schiff, mtu akajua chupa ipi, kazi ikaendelea. Niliiweka rafuni, nikaiondoa rafuni, nikaiagiza ilipokwisha, na jina lake halikuwahi kupita mdomoni mwangu hata siku moja.

Tangu ujumbe ule nimebadili namna ya kuyashika majina marefu, na dawa nimeikuta kwenye daftari la Kiswahili, wala si la kemia. Mnayakumbuka yale maswali ya tenga silabi, bainisha mofimu? Chukua "anapika". Silabi zake ni a-na-pi-ka. Mofimu zake ni a-na-pik-a. Mwalimu alitukalia kooni kwa ajili ya hiyo "k": mdomoni inaambatana na irabu inayoifuata, lakini kwa maana ni mali ya mzizi. Wakati ule niliona ni ukorofi tu wa mwalimu. Kumbe alikuwa ananifundisha kusoma lebo za chupa.

Jina refu la kemikali limejengwa kama kitenzi chetu, viambishi mbele, mzizi katikati, kiishio nyuma. Mtu anayesema "nitakapowaandikia" kwa pumzi moja, ni-ta-ka-po-wa-a-ndi-ki-a, silabi tisa, hana sababu ya kulikimbia jina la silabi kumi na tatu. Kitenzi hakimtishi kwa sababu anajua kila kipande kinafanya kazi gani. Kinachomtisha kwenye kemia ni kwamba anaanzia kushoto na kumeza silabi mojamoja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akifika ya saba hakumbuki ya pili ilikuwa nini.

Ndivyo nilivyofanya na chupa yangu ya kwanza. Nilikuwa mgeni maabara, sina hata mwezi, mzee wa maabara akanipa chupa ya unga wenye umanjano wa mbali. "Soma, kijana." Jina lilizunguka lebo mpaka likakaribia kurudi lilikoanzia: paradimethilaminobenzaldehaidi. Nikaanza, pa-ra-di-me-thi, nikajikwaa, nikarudi, nikajikwaa palepale. Mzee akaichukua chupa akasema, "Umeanza kutafuna kabla hujakata." Akatoa penseli, akaliandika jina kwenye karatasi ya kuchujia na kutia mikwaju:

para/di/methil/amino/benz/aldehaid

Nilimsikia. Kumwelewa kulichukua miaka mingi, na aibu ya mara 11.

Ona alichokifanya. "Para" inakuambia mahali: vitu viwili vinatazamana kwenye duara la kaboni sita, kimoja kwenye namba 1 na kingine kwenye namba 4. "Di" ni idadi. "Methil" ni kaboni moja yenye haidrojeni zake tatu. "Amino" ni naitrojeni imeingia. "Benz" ni duara lenyewe. "Aldehaid" ni mkia, nao ndio unaosema kitu hiki ni cha ukoo gani na kitafanya nini kikikutana na wengine. Kwenye kitendanishi cha Ehrlich, mkia huo ndio unaofanya mkojo wenye urobilinojeni uwe mwekundu.

Sasa litamke. Pa-ra-di-me-thi-la-mi-no-ben-zal-de-ha-i-di. Umeiona "la"? Ile "l" ni ya methil, lakini mdomoni imevuka mpaka ikaenda kukaa na "a" ya amino. Na "z" ya benz imehamia kwa jirani, ikawa "zal". Ni "k" ya "pika" tupu. Ndiyo maana anayekata kwa silabi peke yake hujikuta ameshika "la" na "zal", vipande visivyo na maana yoyote, huku methil na benz zikiwa zimevunjikia mkononi mwake. Kata kwa mofimu kwanza, kwa macho na penseli. Kisha mwachie ulimi agawe silabi anavyotaka. Ulimi unajua kazi yake. Tangu utoto umekuwa ukiihamisha hiyo "k".

Jina hilihili, kwa njia, lina mdundo. Isaac Asimov, ambaye alisomea kemia kabla ya kuwa mwandishi maarufu, aliwahi kuandika kwamba kwa Kiingereza linakwenda sawasawa na mapigo ya ngoma ya Ayalandi. Nimelijaribu chumbani na fundi mitambo akaanza kutikisa kichwa, ingawa hakujua anatikisia nini.

Hata mofimu zenyewe zina mishono iliyozeeka. Aldehaidi ukiichana, unapata "al" na "dehid", vipande vya maneno ya Kilatini ambavyo Justus von Liebig aliviunganisha katika karne ya 19: alkoholi iliyonyang'anywa haidrojeni. Methili nayo ilizaliwa Ufaransa katika miaka ya 1830, mikononi mwa Dumas na Péligot, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la divai na jingine la mti, kwa kuwa walikuwa wakichunguza roho inayopatikana kwa kuchoma kuni bila hewa. Mshono wa Kigiriki umeshafutika. Leo "meth" maana yake ni kaboni moja, basi, na hakuna anayenusa divai humo.

Kuna watu huniambia, "Mimi majina ya kemikali siyawezi kabisa," halafu katika sentensi ileile wanaomba parasetamoli. Pa-ra-se-ta-mo-li, silabi sita bila kukwama. Na hilo nalo ni jina lililoshonwa kwa vipande: par, aset, am, ol. Irabu ya "para" imemezwa na ya "asetili", na sehemu kubwa ya "fenoli" imekatwa ikabaki "ol" tu. Jina lake la kanuni ukilisoma kwa sauti ni "en, nne haidroksifenili, asetamidi". Hilo ndilo wanaloliogopa. Lakini ni mtu yuleyule, amevaa suti.

Sasa mkazo, ambapo nimegombana sana na watayarishaji wa vipindi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno la silabi kumi na tatu je? Lisome DDT kwa urefu wake: diklorodifenilitrikloroethani. Ukiweka mkazo mmoja tu, pale kwenye "tha", silabi kumi na moja za mbele zinakuwa mlio wa nyuki. Msikilizaji hasikii kitu. Mimi nakipa kila kipande heshima ya neno kamili, kila kimoja na mkazo wake wa pili kutoka mwisho: di-KLO-ro, di-fe-NI-li, tri-KLO-ro, e-THA-ni. Hapo kwenye karatasi naweka mkwaju mwembamba, na mdomoni sisimami, napunguza mwendo kidogo tu, kama gari linalopita tuta. Ukisimama umelivunja jina kuwa manne, na mwanafunzi anayeandika atakuandikia kemikali nne.

Mtayarishaji mmoja aliniambia mikazo minne katika neno moja si Kiswahili. Nikamwomba aseme "mwanamapinduzi" polepole, aniambie kama hasikii kitu chochote kikiinuka pale kwenye "mwana". Hatukuelewana, lakini rekodi ilibaki ya kwangu.

Na kuna mahali Kiswahili kinakipita Kiingereza, nalisema bila haya. Ethani, etheni, ethaini. Ya kwanza ina kaboni mbili na haidrojeni sita, ya pili nne, ya tatu mbili. Irabu moja ikibadilika, bondi kati ya kaboni inakuwa moja, mbili au tatu. Ni mpango wa Mjerumani August Wilhelm Hofmann, aliyependekeza mwaka 1866 kwamba haidrokaboni zipangwe kwa mfuatano wa irabu a, e, i, o, u kadiri haidrojeni zinavyopungua. Mkutano wa Geneva wa 1892 ukaanza kutengeneza kanuni za kimataifa za majina ya kemia ya kaboni, na tangu 1919 yupo msimamizi wa kudumu, IUPAC, yaani muungano wa kimataifa wa kemia. Mwingereza akitaja majina hayo, nguvu yake yote anaimwaga kwenye silabi ya kwanza, ile ambayo ni moja kwa yote matatu, na irabu inayotofautisha inakuja nyuma imechoka. Sisi mkazo wetu unaangukia papo hapo penye tofauti: e-THA-ni, e-THE-ni, e-tha-I-ni. Vivyo hivyo salfidi, salfaiti na salfeti. Hofmann hakutufikiria hata kidogo, lakini ametutumikia vizuri.

Ila irabu hizo zisichezewe. Amini, amidi na imini ni vitu vitatu tofauti, na kwenye kipaza sauti kibovu vinafanana kama mapacha. Halafu hiyo "amini" nayo! Kila nikisoma "dimethilamini" nasikia kama kuna mtu ananisihi nimwamini.

Irabu mbili zikikutana, wasomaji wengi wanaogopa na kuzimeza. EDTA, ile iliyomo kwenye vichupa vya kuchukulia damu ili isigande kwa sababu inaikamata kalisi, kwa urefu ni asidi ya ethilinidiaminitetraasetiki. Angalia pale: tetra, asetiki. Kuna "a" mbili. Wanaosoma kwa Kiingereza mara nyingi husema moja tu na kuendelea. Kwetu sisi wenye saa na taa na kaa, kuna ugumu gani? Te-tra-a-se-ti-ki. Zote mbili ni zetu, zitamke. Kwenye majina ya kemia isiyo ya kaboni, kanuni za IUPAC za 2005 zinataka irabu hizo zisimezwe: pentaoksidi, siyo pentoksidi. Monoksidi pekee ndiyo iliyosamehewa, kwa sababu watu walishaizoea. Kwenye kemia ya kaboni mambo ni mengine, kule irabu ya mwisho mara nyingine hudondoshwa mbele ya irabu nyingine, na sitaki kuliingia pori hilo leo.

Mabano ndiyo yaliyonipa taabu kuliko vyote, maana mabano hayana sauti. Kuna kilainisho cha plastiki kinachoandikwa bis, mabano yanafunguliwa, 2-ethilheksili, mabano yanafungwa, fthaleti. Kwa nini "bis" wakati "di" ipo na maana yake ni mbili? Kwa sababu ukisema "diethilheksili", sikio linasikia ethili mbili zimepachikwa kwenye heksili moja. "Bis" inasema furushi zima la ethilheksili lipo mara mbili. Aonaye anaona mabano, lakini msikilizaji wangu ana mimi tu. Nilipoanza nilikuwa nikisema "mabano" kwa mdomo kila yanapotokea, mpaka ukurasa mzima ukasikika kama hesabu za duka. Sasa nafanya hivi: "bisi", kimya cha kunusa pumzi, "mbili ethilheksili" kwa sauti iliyoshuka kidogo na kwa mwendo mmoja usiokatika, kimya kingine, "fthaleti" kwa sauti ya kawaida. Msikilizaji akishazoea, anaanza kusikia mabano. Yule dada wa asidi ndiye aliyenithibitishia. Nilimtumia majina sita ya kujaribu, akaniandikia fomula zote sita bila kosa.

Mkato kati ya namba sitamki. 1,2 nasoma "moja, mbili" na ule mkato ni upungufu tu wa pumzi. Kistari sikisemi kabisa.

Na hiyo "fthaleti"! Jina la awali lilitokana na nafthalini, kwa sababu huko ndiko asidi yake ilikotengenezwa. Baadaye mkemia Mfaransa Auguste Laurent akalibadili jina, akakata "na" ya mbele. Silabi za nafthalini ni naf-tha-li-ni, ile "f" ilikuwa imefunga silabi ya kwanza, imetulia mgongoni mwa irabu yake. Alipoiondoa "na", "f" ikabaki yatima mlangoni mwa "tha", haina irabu ya kuegemea. Kwa hiyo Waingereza wanaiandika na hawaitamki. Kwenye fenolfthalini, kile kiashiria kinachogeuka waridi kwenye besi, konsonanti tatu zinabanana katikati ya neno, na kwa tahajia ya Kiingereza ni herufi tano mfululizo bila irabu hata moja. Mimi nasema "fenolthalini". Nimelaumiwa kwa hilo, nami nimekaa na lawama yangu.

Kistari cha mwisho wa mstari nacho ni adui wa siri. Chapa ikifika ukingoni inakata neno, na siku hizi anayekata ni kompyuta. Nyingi zinafuata njia aliyoibuni Frank Liang katika tasnifu yake ya 1983 kule Stanford: programu inatazama mifumo ya herufi na kubashiri wapi pa kukata. Kwa maneno ya kila siku inafanya vizuri sana. Kwenye kemia nimekuta "dik-" mwisho wa mstari na "loro" mwanzoni mwa unaofuata, nikabaki natafuta "dik" ni kitu gani. Mbaya zaidi ni pale jina linapokuwa na kistari chake lenyewe na bahati ikakiangusha ukingoni: huwezi kujua kama kistari ni cha mkemia au cha mchapaji. Ndiyo maana kabla ya kurekodi napita kitabu kizima na penseli, nayaandika upya pembeni majina yote yaliyovunjika, kila moja na mikwaju yake. Kwa kitabu cha kurasa mia nne kazi hiyo hula siku nne. Hailipwi.

Watu wakishajua kazi yangu, lazima aniulize mmoja kuhusu titini. Ndiyo, nalijua: protini ya misuli ambayo jina lake likiandikwa kwa ukamilifu kwa Kiingereza linasemwa kuwa na herufi 189,819, na wapo waliojirekodi wakilisoma kwa zaidi ya saa tatu. Sijalisoma na sitalisoma. Linaanza methionilithreonilithreonili, na linaendelea hivyohivyo, kila asidi amino ikivaa "ili" mkiani na kumshika mwenzake mkono, zaidi ya elfu thelathini, mpaka ya mwisho, isoleusini, ambayo haina wa kumshika. Hilo ni daftari la mahudhurio lililoandikwa bila nafasi kati ya majina. Wanaofanya kazi na protini huandika herufi moja kwa kila asidi amino, M, T, T, wakaendelea na maisha yao. Ugumu wa kusoma haupo kwenye urefu kabisa. Titini ni ndefu na nyepesi kama kuvuta tasbihi. Per-iodiki ina herufi nane kwa Kiingereza, na iliniangusha mara 11.

Hizo 11 tulizirekebisha. Fundi mitambo alikata kila mahali lilipotokea jina, nami nikaingia chumbani kusoma kipande hicho tu, tukapachika. Kumi zilikaa vizuri. Ya tisa ilirekodiwa upya siku nyingine kwa sababu faili liliharibika, na siku hiyo nilikuwa na mafua. Ukiisikiliza sura ile utanisikia: sentensi inakwenda kwa sauti yangu ya kawaida, ghafla anaingia mtu mwenye pua iliyoziba, anataja asidi moja kwa usahihi mkubwa, anaondoka.